Kiti cha Mkalimani

Jumatatu, 3 Machi 2025

Habari kubwa! Jana Mchungaji Kipyego alitangaza kwamba Jumapili ijayo tutatembelewa na Askofu Kituyi, na atahubiri kwa Kiingereza. Atahitaji mkalimani. Kanisa zima likageuka kumtazama Kabura. Hakuna aliyenitazama mimi, Mungai, mwenye duka la fotokopi, mtu aliyepata B ya Kiingereza kidato cha nne!

Kabura huuza mitumba na hutafsiri vivyo hivyo: kwa kelele. Kwake "see", "look" na "watch" zote ni "ona". Halafu watu wanatokwa na machozi. Wanalilia nini, na hawajaambiwa kilichosemwa?

Mkalimani huketi kando ya mimbari, kwenye kile kiti chenye mto. Baada ya ibada anakula na wageni. Kiti hicho lazima kiwe changu.

Jumanne, 4 Machi

Mazoezi dukani. Mzee Mburu alileta barua ya kuomba viti shuleni kwa ajili ya harusi ya binti yake. Ameandika "borrow us chairs". Nikamweleza kwa upole kwamba anayepokea ndiye "borrow", anayetoa ndiye "lend". Nikalizungushia neno duara kwa kalamu nyekundu.

Mzee akauliza nimeajiriwa lini na baraza la mitihani. Akasema amekuja kutoa kopi, si kurudia darasa. Akaondoka na barua yake kwenda duka la jirani.

Ushindi! Hatalisahau somo hilo maishani.

Jumatano, 5 Machi

Nilikwenda kwa Mchungaji kudai haki. Nikamkuta Kabura huko huko, anakunywa chai. Vizuri. Nikamuuliza mbele ya Mchungaji tofauti ya "hope" na "wish".

Akacheka mpaka chai ikamwagika. Akasema mwenye "hope" anangoja, mwenye "wish" anajua hakuna kitu lakini roho inataka tu, kama mimi na hicho kiti. Mchungaji naye akacheka. Sikuona cha kuchekesha. Jibu lenyewe, nakiri, halikuwa baya, lakini hakutoa mfano wa sentensi.

Kisha Kabura mwenyewe akasema Jumapili hatakuwepo. Dada yake wa Cheptiret anapokea wageni wa mahari. Basi Mungai ashike maikrofoni, kwani kuna nini?

Amekimbia! Swali moja tu, na amekimbilia Cheptiret!

Mlangoni akanishauri: usisitesite, babangu. Askofu akiruka, ruka. Akipiga kelele, piga. Nimeupuuza ushauri huo. Ni wa mtu aliyeshindwa.

Jumamosi, 8 Machi

Mazoezi ya mwisho na mke wangu, Waiyego. Yeye Askofu, juu ya stuli. Mimi chini, nimevaa suti. Akasema sentensi moja. Nikaitafsiri, nikaeleza kwa nini ni "speak" na si "talk", nikatoa mifano. Nilipomaliza, Askofu alikuwa ameshuka kwenye stuli na anakata sukuma wiki.

Akasema kwa mwendo huu watu watatoka kanisani Jumanne. Nikamwambia ukweli hauna haraka.

Jumapili, 9 Machi

Siku ya utukufu. Naandika nikiwa bado na suti.

Kiti ni laini kuliko nilivyodhani.

Askofu alianza kwa kishindo: "Look at your neighbour!" Nikawaambia wamtazame jirani, kisha nikafafanua kwamba Askofu amesema "look", hakusema "see". Kuona hutokea tu, hata mbuzi anaona. Kutazama ni uamuzi. Kanisa likajibu Amina! Kabura hajawahi kupata Amina ya mapema namna hiyo.

Askofu alikuwa ameshainua mkono kwa sentensi ya pili. Akabaki ameuinua.

Akaendelea: "Tell your neighbour!" Nikafafanua "tell" na "say". Mkono ukashuka. Mama mmoja mbele akafungua mkoba, akatoa ndizi.

Kisha akawaambia watu "hear me". Hapo sikuweza kunyamaza. Nikamgeukia, kwa heshima zote, nikamwambia nadhani Baba Askofu anamaanisha "listen". Maikrofoni ilikuwa wazi.

Askofu akafunga Biblia. Akanishika bega, akasema kwa Kiswahili safi: ndugu yangu, kaa. Mimi nimezaliwa hapo Ainabkoi tu, Kiswahili nitajitafutia mwenyewe.

Watu wakapiga makofi, wakapiga vigelegele! Akahubiri Kiswahili mpaka mwisho.

Waiyego anasema Askofu hakuhitaji tafsiri hata kidogo, hapa nani hajui Kiswahili. Anasema mhubiri mkubwa huhitaji mkalimani wa kumpa nafasi ya kupumua na wa kumchochea moto, na mimi nimeuzima. Hajaelewa. Nilimsahihisha Askofu mara moja tu, akaacha Kiingereza chote!

Kwenye meza ya wageni hapakuwa na nafasi. Nililetewa wali nyuma ya jengo.

Jumatatu, 10 Machi

Mchungaji alipita dukani. Kabura anarudi kwenye maikrofoni na kwenye kiti. Mimi, kuanzia Jumapili, nitasimama langoni kupanga magari. Nimepewa filimbi na koti la kung'aa.

Nimepandishwa cheo! Ndani nilikuwa nafundisha baada ya mhubiri. Langoni nitawapata watu kabla yake, mmoja mmoja, vioo vikiwa wazi, na hawawezi kuingia mpaka nimalize. Nitaanza na "stop", "park" na "wait". Gari la kwanza huwa la Mchungaji.

Nikamweleza Waiyego. Akaweka sufuria chini, akaniuliza: lakini Baba, wewe huoni aibu?

Nikamwambia swali halijakamilika. Mtu aliyekosa ni "ashamed". Mtu aliyeonekana na watu ni "embarrassed". Achague moja, ndipo nijibu.

Akachukua kikombe changu cha chai kikiwa nusu, akaenda nacho jikoni.

Hakuweza kuchagua! Nimeshinda tena.