Shule Zilizofungwa

Jumatatu, 3 Machi
Mkuu wa shule kaniita ofisini. Timu yangu ya wasichana ikitolewa tena raundi ya kwanza, filimbi anapewa mwalimu wa muziki. Mwalimu wa muziki! Mtu anayeita kona "ile pembe". Nimetabasamu kiungwana, nikaenda kunywa maji.

Tatizo si mimi. Tatizo ni kupangiwa kila mwaka na shule kubwa ya mtaa wa juu, ambayo kocha wake ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Yeye ana wachezaji wa kuchagua. Mimi ninao kumi na mmoja, na kipa ana pumu. Alhamisi makocha wanajadili sheria mpya za ubingwa. Nitapeleka pendekezo langu: wanyonge wapewe daraja lao na kombe lao. Huko tutatamba.

Jumanne, 4 Machi
Nimeandika. Sentensi moja tu, ila imeshiba: "Shule zilizofungwa mwaka jana, mfano shule yetu, zitolewe kwenye ubingwa mkuu na kuwekewa utaratibu wake."

Nahodha, ambaye mwaka huu anamaliza shule, alichungulia nyuma yangu. Kauliza kwa adabu, mwalimu, una hakika hapo pamekaa vizuri? Nikamwambia ashughulike na mpira, Kiswahili aniachie. Akasema sawa, ila wao wangependa kucheza na wakubwa, hata wakipigwa. Watoto wa siku hizi hata kutetewa hawataki.

Alhamisi, 6 Machi
Mkutano. Mmoja alitaka madaraja kwa idadi ya wanafunzi, mwingine kwa uzuri wa viwanja, wa tatu alitaka chai. Wakabishana hadi sauti zikakauka. Langu likapita bila kupingwa! Hata shemeji kanyoosha mkono, kisha kanishika bega na kunipa pole. Pole ya nini? Wivu huo.

Jumatatu, 10 Machi
Ratiba imetoka. Daraja la kwanza hatumo. Daraja la pili hatumo. Nikampigia katibu wa ubingwa. Akanieleza taratibu, kama anaongea na mfiwa, kwamba shule iliyofungwa haina wanafunzi, itashindanaje? Na utaratibu wake umeshaanza.

Utaratibu wenyewe ukaingia getini: lori, na watu wawili wa shule jirani waliokuja kuchukua madawati. Walishangaa kukuta yamekaliwa. Mkuu alishangaa zaidi, nami nikajificha stoo ya mipira.

Nahodha ndiye aliyenifuma. Hakucheka. Alilia, akasema mwaka huu ndio wake wa mwisho. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Nikamwambia hizi ni hila za shemeji.

Jumatano, 12 Machi
Nahodha kawaongoza wenzake, wote wamevaa jezi, mpaka ofisini kwa katibu, kuonyesha kwamba shule ingali hai. Katibu kacheka mpaka kavua miwani. Tumerudishwa. Nafasi iliyobaki ilikuwa moja tu, dhidi ya nani? Ya shemeji, bila shaka.

Jumamosi, 15 Machi
Tumeshinda moja bila! Nahodha kafunga bao mpira ulipoanza tu, kisha wote wakarudi kulinda goli hadi mwisho. Kipa kaokoa penalti kwa tumbo. Mkuu kaniachia filimbi, lakini mkono wa pongezi kampa nahodha.

Shemeji kaja kula kwetu jioni. Nilisimulia bao mara kadhaa ili alielewe vizuri. Mke wangu kamwongezea kaka yake nyama, mimi kaniongezea mchuzi.

Jumatatu, 17 Machi
Nimetafakari sana. Kosa langu lilikuwa kutetea wanyonge. Sasa sisi ni wakali, na wakali hawapaswi kuchoshwa kabla ya fainali. Nimeandika pendekezo jipya, safari hii nimepima kila neno, hakuna wa kulielewa vibaya: "Shule zinazofunga mapema, mfano shule yetu, zisisumbuliwe na mechi zilizobaki."

Nahodha kaomba alione kwanza. Kachelewa, nimeshalipeleka.