Kirikuu kwa Masanduku Sita ya Chai

Ryuhei Tokunaga alikuwa tapeli msafi. Nywele kachana, kucha kakata, na uongo wake aliupiga pasi kabla ya kuutoa nje. Alikuwa amezunguka Fukuoka nzima akiwauzia wenye vipara dawa ya mba, hadi vipara vikamshtukia, ndipo akajipakia kwenye kirikuu chake cheupe, kigari kidogo cha mizigo, akakimbilia milima ya Yame. Kirikuu hicho ndicho kilikuwa ofisi, ndicho chumba cha kulala, ndicho kila alichokuwa nacho duniani.

Kwenye kona moja akakanyaga breki. Shamba zima la chai lilikuwa limefunikwa mikeka ya mabua ya mpunga, giza tupu chini yake. Pembeni kulikuwa na stoo iliyo wazi, ndani masanduku sita ya chai, na juu ya mlango kibao: mshindi wa kwanza wa mashindano ya chai, mwaka jana.

"Mungu hamtupi mja wake," akasema Ryuhei. Mungu, nijuavyo mimi, hakuhusika kabisa.

Chai ile ya kivulini, gyokuro, ina deko. Inataka maji vuguvugu, ya kuchovya kidole bila kupiga yowe, na inataka usubiri. Ukiibembeleza hivyo inakupa matone machache mazito, matamu kama supu. Ukiimwagia maji yanayotokota inanuna, inakuwa chungu kama shubiri. Ryuhei akapanga hivi: aimwagie maji ya moto, akunje uso, kisha aichukue chai ya ushindi kwa bei ya takataka.

Mwenye shamba, Bibi Isoko, alikuwa na miaka themanini na ushee. Alipokea kwa mikono miwili kadi iliyoandikwa "Mkaguzi Mkuu wa Ladha", kazi ambayo Ryuhei alijipa mwenyewe asubuhi ile.

"Bibi, nimekuja kuonja chai iliyoko stoo."

"Ile? Aa, baba, ile si ya kumpa mgeni. Ile ni ya kujazia mito tu."

Ryuhei akacheka moyoni. Watu wetu hawa! Mtu akikuletea zawadi ya thamani atakuambia ni kitu cha ovyo. Atamsifu mwanao na kumponda wa kwake. Kadiri mtu anavyoishusha mali yake, ndivyo ilivyo bora. Ya mito? Basi hii ni kiboko!

Akachemsha maji, akamimina, akanywa. Machozi yakamtoka.

"Lo! Pole, Bibi. Hii ni mbaya."

"Si nimekuambia?"

"Ni chungu."

"Sana."

"Haifai kwa lolote."

"Hata kidogo," Bibi akasema. "Haya, lete kikombe nioshe. Safari njema, baba."

Tapeli akakishikilia kikombe. Miaka yote alizoea kubishiwa. Kukubaliwa hakuwahi kujifunza.

"Lakini nina huruma, Bibi. Naweza kuichukua hivyo hivyo."

"Nikuuzie uchafu? Uso wangu nitauweka wapi?"

"Uchafu wenyewe una... una namna yake."

"Namna gani?"

"Una... unatia matumaini."

Akili nyingi huondoa maarifa, ndugu zangu. Akataja yeni laki moja, Bibi akatikisa kichwa. Akataja laki mbili, ambazo hakuwa nazo, Bibi akauliza pesa ni ya nini huku milimani. Kisha akachungulia nje.

"Labda kile kigari. Changu kimekufa, na mikeka ya shamba naibeba mgongoni."

Moyo wa Ryuhei ukapiga paa. Kirikuu! Lakini masanduku sita ya chai ya ushindi, akiyafikisha Kyoto, yangemnunulia virikuu vinne.

"Kichukue!"

"Baba, mimi sitaki lawama. Chai ni mbaya."

"Najua ni mbaya!"

"Ni ya mito."

"Ni ya mito, Bibi, nakuomba, shika funguo!"

Akayashusha masanduku hadi kituo cha basi moja moja, safari sita, akihema na kutabasamu. Basi lilikuwa bado. Akaona ajipongeze. Akatoa chupa yake ya maji ya moto, akayahamisha maji kikombe hadi kikombe mpaka yakawa vuguvugu, akayamimina juu ya majani ya sandukuni, akasubiri kama inavyotakiwa, akaonja.

Chungu.

Akasubiri zaidi. Chungu vilevile, na ladha ya mkeka juu yake. Hapo ndipo jasho lilipomtoka. Maji ya moto huifanya chai nzuri iwe mbaya, lakini chai mbaya huiacha ilivyo, na kwa ujanja wake mwenyewe alikuwa ameufunga ulimi wake macho. Alirudi mlimani mbio.

"Bibi, umeniingiza mjini!"

"Nilikuambia mara ngapi?" Bibi Isoko alikuwa anakifuta kirikuu kwa kitambaa.

Ryuhei akahesabu. Zilikuwa nyingi.

"Chai ya ushindi iko wapi?"

"Iliisha kuuzwa Juni iliyopita. Nimebakiza kikopo changu. Kaa, umechoka."

Akapooza maji bila haraka, akasubiri, akamdondoshea matone matatu katika kikombe kidogo. Ryuhei akayaweka ulimini. Kisha yule mwanamume mzima akaanza kulia, na safari hii hakuwa anaigiza.

"Bibi, niuzie kikopo hicho."

"Una nini cha kunipa?"

Akajipapasa. Kitana, na kadi za Mkaguzi Mkuu.

"Macho yangu yameingia ukungu," Bibi akasema. "Gari ninalo, dereva sina. Utakula hapa, utalala stoo, na kila jioni, matone matatu."

"Niendeshe gari langu mwenyewe?"

"Langu."

Ryuhei akakitazama kirikuu. Akakitazama kikombe, akakilamba mpaka kitako.

"Naanza lini?"

Bibi akamkabidhi kitambaa. "Sasa hivi. Bado magurudumu."