Pori la Wifi, Sebuleni Kwangu

Jumatatu, 3 Machi
Nimetoka kwa wifi, mdogo wake mume wangu, yule anayepima damu maabara. Ana tangi la samaki. Kuliita tangi ni kulionea! Ni kijito kizima kimehamia mezani. Mchanga mweupe, gogo lililopinda, majani makavu chini, mabichi yakicheza juu, maji rangi ya chai iliyokolea. Na samaki wadogo kama sindano ya cherehani yangu, kila mmoja na mstari wa buluu ubavuni, wakigeuka wote pamoja kana kwamba wameamrishwa. Mume wangu alisimama pale robo saa, mdomo wazi. Mimi hajanitazama hivyo tangu harusi.

Jumamosi ukoo unakuja kwetu. Nitakuwa na langu. Wifi anasema lake lilikaa miezi miwili na mimea tu kabla ya samaki wa kwanza. Miezi miwili! Mimi hushona gauni la bibi harusi kwa siku tatu.

Jumanne, 4 Machi
Tangi limefika. Wifi alisema mchanga uoshwe mpaka maji yatoke safi. Nimeosha mara moja; nina wateja. Nikamwaga ndoo ya kwanza kwa nguvu. Uji mtupu! Mume wangu akauliza ni samaki gani hao wanaokaa kwenye zege.

Jumatano, 5 Machi
Tope limetulia. Leo gogo. Mimea ya majini haikuwa na pa kushika, nikaifunga kwa uzi mweusi, mishono midogo midogo, hakuna fundo linaloonekana. Nikajipigia makofi.

Ikabaki rangi. Wifi huipata kwenye majani makavu, polepole. Polepole ya nini, na jikoni kuna majani ya chai? Nimechemsha sufuria nzima, nikapoza, nikamimina. Rangi ileile! Mume wangu akanusa, akauliza kama imetiwa sukari.

Alhamisi, 6 Machi
Samaki sita. Muuzaji aliuliza maji yangu yamekaa muda gani. Nikasema siku nyingi. Saa tisa mchana wote wako juu, midomo nje, wanahema. Hawa si mapambo, wana roho! Nikampigia wifi, nikasema kuna shoga yangu ana tatizo. Akauliza huyo shoga ametia nini majini. Nikanong'ona: chai. Akasema, "Usiwape chakula, wifi. Nakuja."

Kafika na koti la maabara, mkononi ndoo ya maji ya tangi lake. Mikono ile! Aliwachota mmoja mmoja kwa kikombe kama anayehamisha mayai. Hakunigombeza hata kwa macho. Wote sita wako kwake, wazima.

Ijumaa, 7 Machi
Amerudi baada ya kazi. Tumemwaga maji yote, tumeosha mchanga mara saba. Ameeleza kwamba uchafu wa samaki huwadhuru wao wenyewe, mpaka wazaliane bakteria wa kuula, na hao hawaharakishwi na mtu. Nikaitikia kwa kichwa kama mwanafunzi. Halafu akashika gogo, akaligeuza, akatafuta fundo, akakosa. Akasema yeye hutumia gundi, na la kwake halijawahi kupendeza hivi. Wifi! Mtu wa vipimo! Ilibidi niende jikoni kidogo.

Jumamosi, 8 Machi
Ukoo umejaa. Tangi linang'aa: kijani, mchanga, maji, basi. Mama mkwe akavuta kiti mbele yake, akauliza samaki wako wapi. Wifi akadakia kwamba hawa ni waoga, hujificha kwenye majani. Mama akakodoa macho dakika tano, akatangaza kwamba amemwona mmoja. Mjomba akaona wawili. Mume wangu, anayejua fika kwamba hamna samaki, akaona watatu! Wifi hakucheka. Mwanamke yule ni dhahabu.

Jumapili, 9 Machi
Nimemwahidi wifi kwa dhati: miezi miwili ya kusubiri, bila njia ya mkato. Sasa naheshimu maji.

Jioni mama mkwe kapiga simu. Na yeye anataka tangi. Nimemwambia Alhamisi litakuwa tayari, kubwa kuliko la wifi, lenye maporomoko ya maji. Wifi nimeona nisimsumbue. Samaki nimeagiza kumi na wawili.