Mvi za Kwenye Kompyuta

Jumatatu, 6 Oktoba

Jambo hili sijamwambia mtu yeyote: Kiingereza changu nazungumza na mbuzi. Kila likizo, kwa Bibi kule Makote, nikiwachunga mikoroshoni huwa nawasimulia vitabu nilivyosoma. Wanasikiliza vizuri. Mbele ya Kidato cha Tatu hali ni nyingine. Neno la kwanza likifika kooni, linageuka na kurudi lilikotoka.

Leo Mwalimu Nickson, anayetufundisha Kiingereza, ametupeleka chumba cha kompyuta na kutuonyesha avata. Ni mtu wa kwenye skrini unayemtengeneza mwenyewe: sura, nywele, nguo. Wewe unasema kwenye kipaza sauti, yeye ndiye anayechezesha mdomo. Wiki hii avata wetu wa Newala watajadiliana kwa Kiingereza na avata wa shule moja ya Masasi. Ijumaa Mwalimu atachagua mmoja wetu aende Masasi kwenye mdahalo wenyewe.

Lazima niwe mimi. Msichana wa kule, Evelina, ametuambia kwenye skrini kuwa maktaba yao ina kile kitabu cha mpelelezi ambacho nakala ya shule yetu imechanwa kurasa za mwisho. Tangu Kidato cha Kwanza sijui muuaji ni nani.

Fortunatus, jirani yangu wa dawati, ameniuliza Masasi nitasemaje, na hata majina yakiitwa huwa naitika kama mtu aliyezikwa. 

Jumanne, 7 Oktoba

Wazo limenijia asubuhi, kwenye foleni ya maji. Siogopi Kiingereza. Naogopa kupingwa. Sasa nani hapingwi? Mtu mzima.

Nikamtengeneza bibi. Mvi, makunyanzi, kanga mbili. Nilimtafutia na ndonya, kile kipini cha mdomo wa juu, kama ile ya mama yake Bibi kwenye picha ya ukutani. Nywele za zambarau zimo. Ndonya haimo.

Imefanya kazi kuliko nilivyotarajia. Mada: simu ni bora kuliko kitabu. Isaka wa Masasi alikuwa anawafyeka watu kama majani. Zamu yangu ikafika. Akaziona mvi, akasita, akatoa shikamoo. Kwa Kiswahili, katikati ya mdahalo wa Kiingereza. Nikaitikia marahaba, na sauti ikatoka. Nikasema sentensi nne nzima. Isaka akasema bibi amenena, yeye ana nyongeza ndogo tu. Nyongeza haikuja.

Fortunatus amelalamika kuwa huo ni ujanja. Nimemwambia aseme na wakubwa kwa adabu. Nimemwambia moyoni.

Jumatano, 8 Oktoba

Fortunatus naye kajitengenezea babu. Ndevu hadi kitovuni, kibaraghashia, mkongojo. Akaketi mbele yangu, akakohoa, akangoja. Darasa zima likangoja. Ikabidi nimwamkie. Akasema marahaba mjukuu wangu, mbona umekonda, huko kwenu hamli hata mizizi ya ming'oko? Kisha akasema zama zake wasichana hawakubishana habari za vitabu. Ningefanya nini? Babu amesema. Nikazima kipaza sauti.

Baada ya masomo nimemzeesha bibi yangu. Mgongo nimeupinda, meno mawili nimeyang'oa. Pia nimempa marehemu mume, Erasto, mkulima wa korosho. Fortunatus ana ndevu tu. Hana msiba.

Alhamisi, 9 Oktoba

Maafa. Wote wamezeeka. Gasper ana kipara, Yuliana hana meno kabisa, hata Isaka na Evelina wa Masasi wamekula chumvi nyingi kwa usiku mmoja. Skrini ilikuwa nyeupe kama ukungu wetu wa asubuhi.

Mdahalo haukuanza. Kila mmoja alikuwa anasubiri kuamkiwa. Ikabidi kwanza ijulikane nani mkubwa. Gasper akasema yeye kazaliwa mwaka wa Majimaji. Yuliana akasema mwaka huo yeye tayari alikuwa mkunga, kumbe kile kitoto chenye kichwa kikubwa ndicho Gasper. Fortunatus akadai ndiye aliyepanda mkorosho wa kwanza juu ya uwanda huu. Hapo nikashindwa kuvumilia. Nikasema aliyeupanda ni marehemu Erasto wangu, na Fortunatus alikuwa anakuja kuiba mabibo. Nikataja na siku tulipomkamata, na suruali aliyoiacha kwenye tawi.

Isaka akauliza Erasto alikufa kwa nini. Nikasema nyoka. Baadaye, kwa kusahau, nikasema homa. Evelina akataka kujua lipi ni lipi. Nikasema nyoka alikuwa na homa. Masasi nzima ikatoa pole.

Kipindi kikaisha. Mada hatukuigusa. Mwalimu Nickson alikaa nyuma muda wote, akiandika kwenye daftari. Nimekwisha.

Ijumaa, 10 Oktoba

Nimechaguliwa mimi.

Mwalimu amesema tangu Januari hadi wiki hii alikuwa hajaisikia sauti yangu, na jana nilimsimanga Fortunatus kipindi kizima kwa Kiingereza kilichonyooka. Kisha yakaja masharti. Masasi hakuna skrini: nitasimama ukumbini na uso wangu huuhuu. Jumatatu tutafanya jaribio la mwisho kwa avata, wa umri wetu, wenye sare ya shule. Mzee yeyote atafutwa. Nikikwama, anakwenda Fortunatus.

Baadaye aliniita pembeni. Akaniambia taratibu, Dorika, yule bibi hakusema neno hata moja, aliyesema ni wewe. Nikatikisa kichwa kuonyesha nimeelewa. Fortunatus amenipa mkono. Safari njema bi mkubwa, amesema, ukichoka njiani mimi nipo.

Nimeyatafakari maneno ya Mwalimu hadi mlangoni mwa chumba cha kompyuta. Ni maneno mazuri. Lakini mimi nilikuwepo. Kilichonisaidia ni watu kunilegezea kabla sijaanza. Na Mwalimu kakataza wazee tu. Wagonjwa hakuwataja.

Nimetengeneza msichana wa miaka kumi na sita. Sare safi, paji la uso kama langu. Nimemfunga bendeji kichwani. Mkono wa kushoto nimeutundika shingoni kwa kitambaa. Isaka alikuwa bado yumo mtandaoni. Akaniona, akasema pole sana dada, hata mdomo sijafungua.

Nimehifadhi kazi, nimezima kompyuta, nimerudi nyumbani. Nimemwomba mama shuka kuukuu, jeupe. Akauliza la nini. Nikasema la Masasi, nikaanza kulichana vipande vyembamba virefu.