Nilivyoomba kwa Sauti Katikati ya Mtihani wa Uhasibu

Wapendwa wa kundi hili, leo nimeaibika. Si aibu ya kuteleza sokoni ukaamka ukajipangusa. Nimeaibika mbele ya kamera, mbele ya Wahindi na Wafilipino, na mbele ya Mwarabu mmoja ambaye (ngojeni kwanza, tutafika). Nimekaa hapa kwa kitanda cha Mama Baraka, nimeazima kompyuta yake. Wacha niwaambie mwenyewe kabla yeye hajawaambia. Yeye huongeza chumvi.

Wengi wenu mlijua nina mtihani. Ule wa uhasibu, ambao ukiupita chuo kinakuhesabia kama umesoma somo lote. Kwa wengine ni njia ya kumaliza haraka. Kwangu mimi ni visa. Hoteli yetu hapa Dubai imeamua nguo zifuliwe na kampuni ya nje, na sisi wa kufua na kupiga pasi tunarudishwa nyumbani mwisho wa mwezi. Madam wa ofisi ya hesabu akaniita pembeni. "Ukipita mtihani, nakuchukua ofisini kwangu. Usipopita, khalas." Akapangusa mikono hivi, kama mtu amemaliza kula.

Hiyo khalas, yaani imekwisha, imekuwa ikitembea na mimi kila mahali. Naenda kuoga, iko. Nakula, iko. Faith wangu yuko kidato cha tatu huko nyumbani Kitale, na kila akipiga simu ananiuliza, "Mum, umesoma?" Yaani mtoto niliyezaa ndiye ananiuliza kama nimesoma!

Na nimesoma, jameni. Baada ya kazi nakimbilia darasa la jioni na viatu vya kazini. Nimesoma ndani ya basi la kampuni kutoka kambi yetu ya Al Quoz, nimesoma nikikunja mashuka. Debiti kushoto, krediti kulia. Nilikuwa naweka foronya kushoto na taulo kulia, nasema kwa sauti: pesa ikiingia, foronya! Ikitoka, taulo! (Msidharau, ilisaidia sana. Mpaka siku mtu alipohamisha taulo.)

Kilichonishinda ni uchakavu. Ile hesabu ya mashine kuzeeka ndani ya vitabu. Mwalimu wetu wa jioni, mzee wa Kihindi mpole sana, tunamwita Sir, alinieleza mpaka akavua miwani.

"Mama, kila mwaka mashine inapoteza thamani."

"Sir, yetu niliikuta nikija, na bado inafua."

"Inafua, mama, lakini kwa vitabu imezeeka."

"Sasa yenyewe itajua aje imezeeka?"

Sir akafuta ubao, akaenda swali lingine.

Leo asubuhi uji ulikataa kushuka. Mama Baraka, tunaishi naye chumba kimoja, akaushika mwenyewe akaniletea mdomoni.

"Kunywa hata kijiko kimoja, Mama Faith."

"Siwezi."

"Basi omba."

"Nimeomba."

"Hiyo tunajua. Chumba chote tumeomba na wewe, tupende tusipende."

Kwa wale wageni ambao hawanijui: mimi nikiomba, nasikika. Pale kwa ushirika wetu wa Ijumaa (huku Ijumaa ndiyo Jumapili yetu), wakati wa kuomba wote pamoja, mchungaji hunipita na maikrofoni. Anasema kunipa ni kupoteza umeme. Ndivyo nilivyolelewa. Kwetu mtu akiomba chini chini tunauliza kama ni mgonjwa.

Nikafika kituo cha mtihani. Jengo la vioo, baridi ya ndani kama ya friji ya nyama. Mlangoni kuna mwanamke amevaa abaya nyeusi, bangili za dhahabu, ananukia udi. Mwarabu kamili. Na uso, wapendwa! Uso umekunjwa kama ameuma ndimu sasa hivi. Haongei sentensi. Anatoa neno moja moja la Kiingereza, kama analipia.

"Mkoba." Nikautoa.

"Simu." Nikaitoa.

"Mifuko." Nikaigeuza ndani nje. Leso yangu ya kufuta jasho akaikunjua, akaitazama mbele na nyuma. Leso! Nikajiambia, huyu ameshaniona mwizi. Akanirudishia, nikaikunja tena pembe kwa pembe.

Ndani, kompyuta zimepangwa, kila mtu na kijumba chake. Kamera juu. Ukuta mmoja ni wa kioo, na nyuma ya kioo ameketi bosi wa kituo, anatutazama kama samaki. Kwa mlango wamebandika sheria. Ya kwanza: ukiongea, mtihani wako unafutwa. Nikaisoma mara mbili. Mimi na kuongea wapi? Niongee na nani?

Yule mama wa mlangoni akanipa vifunika masikio, vile vikubwa kama vya mafundi wa kuchimba barabara. Nikaona wengine wamevaa. Nikavaa.

Dunia ikanyamaza, ghafla! Mimi natoka chumba cha wanawake sita, nikitoka hapo naingia kwa mashine za kufua. Kimya kama hicho sijawahi kukutana nacho. Nikabaki nasikia moyo wangu peke yake, du, du, du, kama mtu anagonga mlango anataka kutoka.

Swali la kwanza: uchakavu.

La pili nikaona hesabu, nikafurahi kidogo. Nikasoma mpaka mwisho. Uchakavu.

La tatu sikujua hata linataka nini. Saa iko pale kwa kona ya kioo cha kompyuta inarudi nyuma, na mimi nipo tu. Macho yakaingia giza. Nikamwona Madam akipangusa mikono. Nikajiona uwanja wa ndege na sanduku langu, Faith ananisubiri upande wa pili na bado anauliza kama nilisoma.

Nikafanya kile ninachojua. Nikafumba macho, nikaomba. Kimoyomoyo! Mimi siapi, lakini Mungu mwenyewe ni shahidi kwamba nilidhani ni kimoyomoyo. Nilikuwa nasikia mdomo unasonga kidogo tu.

Sasa, mtu akizibwa masikio hajisikii. Hilo hakuna aliyeniambia.

"Baba! Unanijua! Unajua uchakavu siujui! Namba moja sijui, Baba! Namba mbili nimekisia, na nimekisia vibaya! Namba tatu hata swali lenyewe silielewi! Shusha, Bwana! Shusha sasa hivi! Na huyu Mwarabu wa mlangoni, mwenye uso wa ndimu, mlainishe moyo wake wa jiwe! Mpofushe macho kidogo asinione nikihesabu kwa vidole! Vunja kila kamera!" Hapo nikakumbuka kamera ni mali ya watu. "Usivunje, Bwana! Zima tu!"

Nikasikia mkono kwa bega. Nikajua majibu yamefika.

Nikafumbua macho. Ni yeye. Wa ndimu. Na nyuma yake kila kiti kimegeuka. Msichana mmoja wa Kifilipino amefanya ishara ya msalaba. Mhindi mmoja amesimama kabisa, vifunika masikio amevishika mkononi. Nikavua vyangu, na ndipo nikasikia "Amina" yangu mwenyewe inarudi kutoka kwa ukuta.

Bosi alitoka nyuma ya kioo amewiva uso.

"Anasoma maswali kwa sauti! Anamsomea nani? Hiyo ni lugha gani?" Tayari mkono wake uko kwa kompyuta yangu, anataka kuifunga.

Nilitaka kusema nilikuwa naomba. Kiingereza chote, cha miaka yote ya masomo ya jioni, kikatoroka. Kilichobaki ni "Sori sir. God, sir. Sori." Nikashika meza.

Ndipo yule Mwarabu akaniinamia, akasema, "Tulia, bibi. Kaa kitako. Hapana anayekula mtu hapa."

Kiswahili! Kiswahili laini, kama kimemwagiwa shira ya sukari!

"Mimi Zuwena," akasema. "Kwetu Mkunazini, Unguja."

Woi. Mnaokaa Dubai mmeshaanza kucheka, nawajua. Si ni mimi huwa nawaambia wageni wakishuka tu ndege, hapa usimseme mtu kwa Kiswahili, si dukani Al Ras, si kwa lifti, kwa sababu hujui abaya ile imezaliwa wapi? Mimi! Kwa kinywa hikihiki!

Bosi akamgeukia. "Unaelewa lugha yake? Niambie alichosema. Neno kwa neno."

Na Bi Zuwena akatafsiri. Hakuruka kitu. Kiingereza safi, taratibu, kama msoma taarifa ya habari. Chumba kizima kinasikiliza.

"Anamwambia Mungu namba moja haijui."

Bosi akanitazama.

"Namba mbili amekisia. Vibaya. Namba tatu haelewi swali."

"Halafu?"

Bi Zuwena akazungusha bangili mkononi. "Halafu kuna mwanamke mlangoni mwenye uso wa ndimu."

"Mwanamke gani?"

"Mimi, sir."

Mtu akakohoa. Yule Mfilipino akaingia chini ya meza, ati anatafuta kalamu. (Kalamu hazikuruhusiwa.)

"Anaomba nipofuke. Kidogo tu. Na kamera alitaka zivunjike, ila ameghairi."

Nilitamani zulia lifunguke. Halikufunguka. Bosi hakucheka hata kidogo, na hilo ndilo lilinitisha kuliko yote. Akauliza polepole, "Kwa hivyo, kuna mtu alimpa majibu?"

Bi Zuwena akatazama kioo cha kompyuta yangu. Akanitazama mimi. Akarudi kwa kioo.

"Sir, huyu hana jibu hata moja la kumpa mtu."

Huo ndio utetezi wangu, wapendwa. Wakili wangu ametumia ujinga wangu, na ushahidi nilitoa mwenyewe kwa sauti.

Bosi akakuna kidevu. Mkono bado uko kwa kompyuta. Hapo sikuomba, niliogopa hata kupumua. Yule Mhindi aliyesimama akasema, "Sir, mwache amalize. Hata mimi namba tatu imenishinda."

"Kaa chini!" Bosi akamwambia. Kisha akaniangalia. "Maliza. Mdomo ufungwe." Akarudi nyuma ya kioo, akavuta kiti karibu zaidi.

Nikamaliza. Msiniulize vipi. Leso niliiuma kwa meno mwanzo mpaka mwisho. Maswali ya mbele yakawa ya kushoto na kulia, nikaona foronya zangu zote zimejipanga, nikaanza kubonyeza. Uchakavu ukija naukisia, naendelea, jasho linatiririka kwenye baridi ile.

Mwisho kompyuta ikauliza kama nataka kuona matokeo. Nani anataka? Kidole kilikaa hewani mpaka kikaanza kuuma. Nikabonyeza nikiwa nimefumba jicho moja.

Nimepita.

Si kwa kishindo. Nimepita kama mtu anayeingia basi mlango ukifungwa, sketi ikabaki nje. Lakini mwili uko ndani! Sikupiga kelele. (Leso imetoboka.)

Nikaenda mlangoni kuchukua mkoba, macho chini. "Bi Zuwena, nisamehe, dada yangu. Yale ya uso..."

"Uso nimepewa na huyohuyo uliyekuwa ukimpigia makelele."

Akanikabidhi simu, na ndimu ikalegea kidogo. "Maadamu ushanitaja huko, kanitaje tena kwa uzuri. Magoti yananiuma."

"Ijumaa hii nitakutaja, kwa jina."

"Polepole, bibi! Polepole!"

Nikampigia Madam hapohapo kwa ngazi. Akasema vizuri, Jumapili niripoti kwake, ila ofisi yake ni ya kimya sana, nitaweza? Nikasema inshallah. Kwa kunong'ona.

Basi ndiyo hayo, mmeyasikia kwangu. Anayetaka kucheka acheke kimoyomoyo, kama anajua inavyofanywa. Mimi hapo bado sijafuzu.