Redio kwa Rafiki Zangu, Kimya kwa Wabishi

Jumatatu, 3 Machi
Leo sayansi imebisha hodi saluni kwangu! Daktari wa chuo kikuu (si wa sindano, wa vitabu) anatafiti eti habari zinavyomfanya mtu awe raia kamili. Wapangaji wa jengo letu wagawanywe kwa bahati nasibu: nusu wasikilize redio ya mtaa wiki nzima, nusu wasiisikie kabisa. Jumapili tunachagua mwenyekiti wa wapangaji, na Daktari atapima nani kachagua kwa akili. Akauliza nani anawajua wote humu, amwendeshee bahati nasibu. Nilijitokeza kabla hajamaliza swali.

Sikumwambia kwamba mimi ni mgombea. Hakuuliza. Sipendi kuwachosha wasomi.

Lazima nishinde. Mwenye nyumba anataka kuigeuza saluni yangu stoo, na mwenyekiti ndiye wa kumkabili. Nani mwingine anaweza? Mtu mzima niliyezunguka dunia mpaka naitwa Mataifa!

Jumanne, 4 Machi
Nimeendesha bahati nasibu. Safi kabisa, ila niliisaidia kidogo isipotee njia. Rafiki zangu wote: redio. Maana Alhamisi wagombea tunahojiwa, waache wanisikie wapate mori. Wabishi wote, na wateja wa mpinzani wangu, fundi cherehani wa ghorofa ya pili: kimya. Redio zao nimezikusanya kapuni. Bibi wa ghorofa ya juu aliikumbatia yake kama mjukuu. Akauliza, sasa nani atamwambia nani kafa? Roho ikaniuma. Nikamwambia, mimi hapa, bibi.

Jumatano, 5 Machi
Asubuhi nimepanda kwa bibi na taarifa ya habari. Hakuna aliyekufa. Mvua ya wastani. Sukari imeshuka bei. Alifurahi mno, hata mimi nikajipenda. Mchana nasikia kamshikia bango mwenye duka, anataka sukari ya bei mpya. Mwenye duka kaja juu, anauliza nani kamdanganya bibi wa watu. Nikamjibu vyombo vya habari vya siku hizi, ndugu yangu, havina maadili.

Alhamisi, 6 Machi
Redioni! Mtangazaji katuuliza tutaifanyaje pampu ya maji iliyokufa. Nikaanza na maji duniani kwa jumla, nikapita bandari nilizoziona, nikaigusa demokrasia, nikatua kwenye mitindo ya nywele ya marais. Muda ukaisha niko bado kwenye utangulizi. Fundi cherehani akasema hajui pampu ina nini, ataita fundi bomba, kisha atatuambia gharama. Hajui! Kiongozi gani anakiri hajui mbele ya kipaza sauti? Nilimwonea huruma.

Mama watoto, kundi la redio, kanipakulia chakula. Nikauliza nilikuwaje. Akasema, "Baba watoto, sauti unayo." Mengine akayameza. Mapenzi hayo!

Jumamosi, 8 Machi
Hujuma! Wabishi wamechoka kutazama ukuta, sasa wanajipanga mlangoni kwa fundi cherehani wamhoji wenyewe. Nimemshitakia Daktari kwamba kundi la kimya linaongea. Akasema hakumkataza mtu kuongea. Hapo akaiona picha yangu ya kampeni ukutani. Akaitazama, akanitazama, akajibwaga kwenye kiti cha kunyolea. Nikamuuliza apunguzwe wapi.

Jumapili, 9 Machi
Rafiki zangu wa kufa na kuzikana, walionisikia neno kwa neno, wamemchagua fundi cherehani. Wabishi nao vilevile. Nimebaki na kura yangu na ya bibi, ambaye hakusikia chochote isipokuwa mimi. Mama watoto kasema kura ni siri, kisha kaenda kucheka jikoni. Daktari atarudia utafiti wote mtaa mwingine. Nikajitolea kumsaidia. Nadhani hakusikia, alikuwa anakimbia.

Jumatatu, 10 Machi
Mwenyekiti mpya kaamkia kwa mwenye nyumba, wamevutana, saluni inabaki! Kaja kuniambia mwenyewe: "Mataifa, nyoa kwa amani." Ni dhahiri ananiogopa. Nimemnyoa mwanawe bure, na upande wa nyuma nikamtilia mtindo.

Kisha nikaketi, nikalitafuta kosa langu kwa unyenyekevu wote, na nimelipata. Dakika zilikuwa chache. Mwakani kuna udiwani. Nimeshafika kituo cha redio kuomba saa nzima, na marudio jioni.