Alichokichekea Bi Shemsa

Leo nimeadhirika, jamani. Tena mbele ya mwenye kazi, na aliyeniadhiri ni dele la kahawa.

Kuna mfanyabiashara wa kahawa hapa Mji Mkongwe, Bwana Haroub, kanipa kazi ya picha. Anataka moja tu: iwe kubwa mlangoni mwa duka, na iwe juu ya kila paketi. Ikimpendeza, kazi zake zote za mwaka huu zangu. Isipompendeza, nrudi kupiga picha za pasipoti. (Pasipoti nazo zina heshima yake, lakini nshachoka kuwaambia watu wavue miwani.)

Jumatatu tukapanda juu ya paa lake. Wa kupigwa picha ni Bi Shemsa, jirani yetu Kikwajuni, mtu mzima mwenye uso wa kupendeza. Kikombe mkononi, dele la shaba la kumiminia kahawa mbele yake, limesuguliwa mpaka unajiona. Kilichokosekana kicheko tu. Nkamwambia ainue kidevu. Nkamwambia alegeze bega. Nkamhadithia habari za mwanga, habari za lenzi, na kwa nini wapiga picha wa siku hizi hawajui mwanga wala lenzi. Hakucheka. Bwana Haroub akapanda, akapiga ukelele, "Bibi, furahi, hiyo kahawa si dawa!" akashuka. (Mtu yule ana mdomo!) Hakucheka.

Jua likawa kali. Bi Shemsa akaniita. "Mwanangu, utababuka. Jitande hii." Akanitia kanga yake kichwani mwenyewe, akaivuta mbele, akailaza vizuri juu ya paji la uso. Mwanamme mzima, kanga kichwani! Lakini jua lile halikuwa na mzaha. Nkarudi kwenye kamera.

Hapo hapo akacheka. Mara moja tu, nkakidaka kicheko.

Tangu siku ile nnajiuliza: kacheka nini? Nlimuuliza, akanambia, "Nimekumbuka mambo yangu." Mambo gani? Nimelala nayo, nimeamka nayo.

Leo asubuhi nkenda ofisini kuchagua. Yupo Bwana Haroub na karani wake, Nasra. Nkawawekea picha kumi kwenye skrini kubwa. Tisa wakazipita kama hawajaziona. Ya kumi, wakasimama.

"Hii ndo yenyewe," Bwana Haroub akasema. "Lakini kacheka nini huyu?"

"Na mimi ndo nnachojiuliza!"

Tungeishia hapo ningekuwa nshakula pilau sasa hivi. Lakini Nasra akasogea. "Mbona ndani ya dele mna mtu?"

Nkaikuza. Mimi! Nimechutama, mdomo wazi, nimejitanda kanga kama bibi harusi. Nasra akaziba mdomo.

"Ina maandishi," akasema Bwana Haroub. "Kanga gani hiyo?"

Maandishi yamegeuka, kama yanavyogeuka kwenye kioo. Mwenye akili zake angesema hayasomeki, tuendeleeni. Mimi nkasema, "Ngojeni, nnaweza kuigeuza!" (Hakuna aliyeniomba. Hakuna!) Nkaigeuza. Nkaikuza tena. Nasra akasoma kwa sauti, neno moja moja, kama mtoto wa chuo cha Kurani.

"Debe... tupu... haliachi... kuvuma."

Lahaula!

Bwana Haroub akavua miwani, akaiweka mezani pole pole. "Ulikuja juu ya paa langu na hilo kichwani? Mimi nimeshuka tu, huku nyuma ukanijitandia hilo?"

"Wallahi si yangu! Ya Bi Shemsa!"

"Mpigie. Na weka sauti tusikie sote."

Nkapiga. Kazi ya mwaka mzima naiona inashuka ngazi.

"Shikamoo, Bi Shemsa."

"Marahaba, mwanangu."

"Ile kanga ulonitanda, ulimkusudia nani? Sema kweli, Bi Shemsa, kazi yangu inakwenda."

Akacheka. Kicheko kile kile cha picha. "Ala! Ndo kwanza umeisoma?"

"Ulimkusudia Bwana Haroub?" (Yuko pale, kanikazia macho.)

"Astaghfirullah! Masikini yule kasema neno moja akenda zake. Wewe je? Tangu saa mbili asubuhi: Bi Shemsa kidevu, Bi Shemsa bega, Bi Shemsa mwanga! Nkasema huyu nimvishe jina lake."

Bwana Haroub alilala juu ya meza kwa kicheko. Nasra alitoka nje, nikamsikia anacheka ukumbini mpaka anakohoa. Mimi nimesimama na simu, sina pa kuutia uso wangu.

Kazi nimepata, alhamdulillahi. Lakini kwa sharti.

"Usimfute mtu wa ndani ya dele," Bwana Haroub akanambia, anafuta machozi. "Wala kanga yake."

Nkajipa moyo kwamba maandishi yamegeuka. Lakini watu wa mji huu nnawajua, watakuja na vioo.

Nkakusanya vitu vyangu mbio mbio. Nshafika chochoroni, watu wamejaa barazani, Bwana Haroub akatoa kichwa dirishani:

"We Debe!"

"Naam?"

(Nshaitika. Nifanyeje?)

Picha inabandikwa wiki ijayo. Mkipita dukani, kunyweni kahawa, mtazameni Bi Shemsa, lile dele liacheni. Na tafadhali msicheke. Mimi mwenzenu nshanyamaza.